Itoka Kati ya Sukuma Zangu na Zake

Nianze hapa, ili baadaye mtu asije akasema nimesahau: ule mstari wa kabichi ulikuwa wangu. Nimezeeka, magoti yananiuma, meno yamebaki machache, na bado nasema ulikuwa wangu. Jirani yangu angekuwa hapa angewaambia ulikuwa wake, na angewaambia kwa sauti kubwa kuliko yangu. Alikuwa na sauti, huyo mama! Akiita kuku wake, kuku wa laini nzima walikuja.

Laini yenyewe ilikuwa ya shamba la kahawa la mzungu, ukitoka Ruiru ukielekea Thika. Vyumba vya wafanyakazi vimepangwa safu moja, mabati juu, ukuta mmoja unatumikia watu wawili, hata ukikohoa jirani anakuambia pole. Mume wangu alikuwa kwenye mashine ya kumenya kahawa. Mimi nilichuma wakati wa kuchuma, mtoto wetu wa kwanza mgongoni, na kahawa ikiisha nilirudi kwenye kitu nilichokipenda kuliko vyote pale, kile kipande cha udongo nyuma ya chumba changu.

Kilikuwa kidogo, ukitandika mikeka michache umekimaliza. Lakini sukuma zangu zilikuwa na majani ya kumfunika mtoto. Nilikuwa na kabichi, vitunguu, terere na managu, malenge yametambaa mpaka karibu na choo, na nduma kule chini yalikopitia maji ya kuoshea vyombo. Siri yangu ilikuwa maganda ya kahawa. Mume wangu aliyabeba kwa gunia kutoka mashineni, nikayaacha yaoze mpaka yawe meusi na yaache kunuka, ndipo nikayatandaza kwenye mashina. Ukiyaweka mabichi yanachoma mboga. Wengi pale waliyaweka mabichi, kisha wakaja kuniangalia kwa jicho baya kana kwamba nimewaroga. Wadudu niliwamwagia jivu asubuhi, umande ukiwa bado kwenye jani, ili lishike.

Shida ilikuwa matunda. Sheria ya shamba ilisema mboga tu, mti wa kudumu hapana. Hawakutuambia sababu, lakini nani hakuijua? Sukuma inang'olewa leo na kesho hakuna anayekumbuka ilikuwa hapo. Mti unakaa, na mtu mwenye mti ana neno la kusema. Mpapai waliuvumilia kwa sababu ukiusukuma kwa bega unaanguka. Mimi nilitaka parachichi. Nikapanda kokwa lake kwenye debe kuukuu nililolitoboa chini, nikaliweka mlangoni, na nyapara alipouliza nikamwambia, "Huo si mti, hilo ni debe." Akaligonga debe kwa ncha ya kiatu, akaenda zake.

Huyo nyapara alikuwa Mkikuyu kama sisi, wa kutoka ng'ambo ya mto Chania, na alikijua kila tulichokijua. Lakini akitaka kuogopwa aliacha lugha yetu na kuongea Kiswahili kile cha bwana mkubwa, "nani nafanya hii" na "mimi hapana taka", utadhani alizaliwa Ulaya. Tulimcheka, lakini kwa ndani. Huo ulikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari, serikali ya mkoloni ikipigana na watu wetu walioingia msituni kudai ardhi. Neno moja la nyapara kule ofisini, na lori linakuja, mwanamume anapandishwa, anapelekwa kambini kuulizwa maswali, na hujui kama utamwona tena.

Sasa ugomvi. Bustani yangu na ya jirani zilipakana, na katikati hapakuwa na kitu. Kila msimu niliamka nikakuta tuta lake limesogea kwangu. Yeye naye alisema langu ndilo linalosogea kwake. Tulianza kwa kukatana jicho, tukaingia kwenye maneno, na siku alipong'oa kabichi za ule mstari na kuzipika, harufu ikipenya ukutani naisikia, nilitoka na jembe. Ai! Nilikuwa na hasira siku hizo. Alitoka na lake. Wanaume wetu, ambao walifanya kazi pamoja na walikuwa marafiki wa kugawana hata tumbaku, ndio walituzuia.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, wale wanaume wawili walishuka mtoni wakarudi na itoka. Ni ua la porini lenye kitunguu kikubwa chini ya ardhi, majani marefu kama mikanda, na maua meupe yenye mstari wa pinki. Kwetu sisi si pambo. Ni alama ya mpaka. Inapandwa na pande zote mbili, mikono ya wote ikiwa kwenye udongo, na ikishapandwa, mtu mmoja haing'oi. Akiing'oa peke yake amejiitia laana, yeye na nyumba yake. Ikibidi itoke, wanaopakana wanaing'oa pamoja, kwa kukubaliana. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na kuokoka hakukututoa hofu hiyo.

Waliipanda katikati, ule mstari wa kabichi ukabaki nusu kwangu nusu kwake, na sisi wanawake tukanuniana kimya kimya badala ya kupigana. Walidhani wameleta amani. Kumbe walikuwa wamefanya kosa ambalo ni watu wetu tu wangelifanya. Waliweka alama ya mpaka kwenye ardhi ambayo haikuwa yao, kwenye shamba la mzungu, wakati ambapo mtu wetu kutamka tu neno ardhi kulitosha kumpandisha lori. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria hilo. Watu wawili wakigombania mpaka, unapanda itoka. Nani angefikiria zaidi?

Haukupita muda mrefu, lori likamchukua mume wa jirani. Haikuwa kwa ajili ya itoka. Mtu fulani, hatukujua nani, alisema ameonekana akiongea na watu wa msituni. Aliondoka akiwa na nguo za kazini, maganda ya kahawa bado kwenye viatu. Mkewe walimwacha abaki kwa sababu kahawa ilikuwa imeiva na mikono ilihitajika. Nilimpelekea unga wa uji. Aliupokea, akafunga mlango. Usiku nilimsikia ukutani akilia, na mimi mume wangu yuko kando yangu.

Mvua kubwa ikaja. Mpaka hapo itoka ilikuwa majani tu, imejificha katikati ya sukuma, hakuna wa kuiangalia mara mbili. Asubuhi moja nikaona imetoa kikonyo kinene, kimesimama wima kupita kila kitu bustanini, kichwa kimefura. Nyapara alikuwa na desturi ya kupita nyuma ya laini kila Jumamosi kutafuta miti ya matunda. Mzungu angeona ua tu. Huyu wetu angeona mtu wa laini anayesema hapa ni kwangu. Na wa kulaumiwa angekuwa nani? Kati ya wale wawili walioipanda, alibaki mmoja, mume wangu.

Nilimwonyesha alipotoka mashineni. Alikigusa kile kikonyo kwa kidole, akaurudisha mkono.

"Nikikate?" nikauliza.

"Kukata na kuing'oa ni kitu kimoja."

"Sasa tufanye nini?"

"Mwombe mwenzako mkaing'oe."

"Nani, mimi? Nimwombe yule?"

"Basi tungoje lori," akasema, akaingia ndani kunawa.

Nilikaa nje mpaka hasira ikapungua. Kisha nikamfuata jirani alikokuwa akipalilia vitunguu vyake. Sisi tulitahiriwa msimu mmoja, na watu wa rika moja huitana rika, lakini sikuwa nimemwita hivyo tangu siku ya majembe.

"Rika," nikamwita.

Hakuinua kichwa. "Leo mimi ni rika yako?"

"Umeona kile kikonyo?"

"Nina macho."

"Nyapara akikiona, mume wangu anaenda."

"Wangu alienda bila ua lolote."

"Tuing'oe, mimi na wewe, sasa hivi, hakuna anayetuona. Mpaka utabaki vile unavyotaka. Chukua ule mstari wote wa kabichi. Nakupa."

Hapo ndipo aliponyooka. Sikuwahi kumwona na uso kama ule, hata siku ya lori. "Aka! Usiniambie mambo ya kabichi. Ile aliiweka kwa mikono yake. Nguo zake nimezilalia mpaka zimeisha harufu yake. Amebakisha nini kingine hapa? Akirudi ataikuta pale alipoiacha. Niombe kitu kingine chochote."

Nilikuwa nimekuja na matusi tayari mdomoni, ikiwa angekataa. Niliyameza. Nilimchukia pale aliposimama, na nilimwelewa, vyote viwili kwa wakati mmoja, na sijui kipi kilinichoma zaidi. Ningekuwa mimi, ningesema yale yale.

Siku zilizobaki nilihangaika kama mtu anayeficha mtoto wa kuiba. Nilivuta malenge nikayapandisha kwenye vijiti vya matete upande ule, nikaegemeza matawi yenye majani mapana yafunike. Kikonyo kikarefuka kuliko majani. Nikaning'iniza shuka la mtoto kwenye kamba, likining'inia mbele yake. Upepo ukaliinua. Na Jumamosi asubuhi nilipofungua mlango wa nyuma, maua yalikuwa yamepasuka, meupe, makubwa, yananukia mpaka chumbani. Ngai! Nimependa maua maisha yangu yote, lakini siku ile ningeyala kama ingesaidia.

Na kama hiyo haitoshi, lori la askari lilikuwa limesimama ofisini. Lilikuwa linapita tu kuelekea Thika, na askari walikuwa wakinywa chai. Kutoka bustanini niliona nusu ya bodi yake kati ya miti ya kahawa.

Nyapara alikuja na fimbo yake. Alipita kwa wa kwanza, akang'oa mche wa mpera, akautupa. Alipita kwa wa pili. Alipofika kwangu aliangalia debe langu la parachichi, akatikisa kichwa, akazunguka nyuma, akasogeza shuka kwa ncha ya fimbo.

Fimbo ikabaki hewani, haikushuka.

"Hii nini?" akasema.

"Ua," nikasema.

"Mimi naona ni ua. Nani napanda hii?"

Nikajifanya namkaza mtoto mgongoni. Alituma mtu akamwite mume wangu mashineni, na tulipokuwa tukingoja aliacha kile Kiswahili chake, akasogea, akaniambia kwa lugha yetu, polepole, "Mama, mnajua mmefanya nini? Mnapima shamba la mzungu?"

"Tulikuwa tunagombania kabichi," nikasema.

"Nenda ukawaambie hivyo wale wanaokunywa chai."

Mume wangu alifika na mikono imejaa utelezi wa kahawa. Watu walianza kusimama milangoni. Nyapara alipoona watu alirudi kwenye ubwana wake. "Wewe mtu ya mashine! Toa hii. Sasa hivi. Kama hapana toa, mimi naita askari."

Hapo hasira yangu ikanishinda. "Kama ni ua tu, ing'oe wewe mwenyewe!" nikamwambia. "Si una mikono?"

Watu waliguna. Nyapara alirudi nyuma hatua moja, na kila mtu aliiona hiyo hatua. Alikuwa akiionyesha itoka kwa fimbo tangu alipofika, na fimbo yenyewe haikuigusa hata jani. Aliogopa kama sisi. Lakini mtu aliyeaibishwa mbele ya laini nzima ni hatari kuliko mtu mkali, na uso wake ukabadilika. Akageuka kuangalia upande wa ofisi.

"Ngoja," mume wangu akasema. "Naing'oa."

Akainama. Nilimshika shati kwa nyuma nikavuta mpaka likachanika. "Si peke yako!" nikapiga kelele. "Usiiguse peke yako!" Mtoto mgongoni akaanza kulia. Mume wangu, mtu aliyekuwa akiomba kila asubuhi kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, alikuwa ameshika yale majani. Hakuvuta wala hakuachia. Kule ofisini mtu alicheka, na mlango wa lori ukafungwa.

Ndipo jirani yangu alipotoka kwake. Hakukimbia. Alipita kwenye vitunguu vyake akivikanyaga, yeye ambaye angekutukana kwa kukanyaga kimoja, akaja mpaka kwenye mpaka.

"Toka hapo," akamwambia mume wangu. "Waliopigania kabichi ni sisi."

Mume wangu akaachia. Jirani akapiga magoti upande wake, akanitazama. "Na wewe unangoja nini? Piga magoti."

Nikapiga magoti upande wangu. Kitunguu cha itoka kilikuwa kimeenda chini sana, udongo wetu ule mwekundu umekishika, tukachimba kwa vidole, mikono yake na yangu shimo moja. Alipokishika hakuvuta. Alisema kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua anayo, "Akirudi, wewe ndiye utamwambia. Mimi sitaweza."

"Nitamwambia."

"Sema tena."

"Nitamwambia mimi, rika. Nitamwambia kila kitu."

"Haya," akasema, na tukavuta.

Ilitoka na bonge la udongo, tukaangukia mgongo, mimi kwenye sukuma zangu na yeye kwenye zake. Hakuna aliyecheka. Nyapara alisema itupwe shimoni, akaondoka akitembea haraka, na hatukujua kama anaenda kunyamaza au anaenda kusema. Tulibaki vile vile kwenye udongo, sote watatu, tukisikiliza. Lori likawaka. Likaja na barabara ya laini, tukalisikia likibadilisha gia penye kona, na mume wangu akaingia ndani akavaa koti lake, maana ukichukuliwa bila koti utalala hivyo hivyo. Likafika mkabala na vyumba vyetu. Likapita.

Nilitapika kwenye kabichi, za nani sikuangalia.

Jirani alikuwa bado amekumbatia kile kitunguu, udongo umemjaa kifuani. Nikainuka, nikaenda mlangoni kwangu, nikaung'oa ule mche wangu wa parachichi, niliokuwa nikiunyeshea kwa maji ya kunywa, nikamletea debe. Alikipanda mle, akalibeba mpaka mlangoni kwake. Nyapara alipolikuta Jumamosi iliyofuata alifungua mdomo, mimi nikatoka nje nikasimama hapo, mikono kiunoni. "Hilo ni debe," nikamwambia. Akaenda zake. Parachichi nililipanda kando ya choo, likafa, na lilinisikitisha, nisidanganye.

Mpaka ukawa umeondoka, na hakuna aliyeuliza uko wapi. Malenge yangu yalizaa kwake, naye alinichumia. Aliyekuwa na maganda yaliyooza alitandaza pande zote. Tuligombana bado, lakini juu ya kuku.

Kisha Emajensi ikaanza kulegea, na malori yakaanza kurudisha wanaume. Yaliwashusha kwenye barabara kubwa, penye njia ya kuingia shambani. Kila tuliposikia linashusha watu, jirani alifunga kitambaa safi kichwani akatoka, na mimi nilitoka naye. Watu walisema vile namsindikiza mwenzangu ni vizuri. Sikuwa namsindikiza. Nilikuwa na kazi yangu. Njia nzima niliyapanga maneno: kwanza nitamsalimu, nimwache anywe maji, halafu nimwambie kwamba tuliing'oa sisi wawili, kwa kukubaliana, na kwamba haikufa, iko mlangoni, imeshachanua tena. Wanaume walishuka, wamekonda, wengine hata wake zao hawakuwatambua mara moja. Jirani alimwangalia kila mmoja mpaka wa mwisho. Dereva akafunga bodi ya nyuma. Tukarudi nyumbani, na maneno yangu nimeyabeba vile vile.

Hakurudi. Hakuna aliyetuambia alikufia wapi, wala kama alikufa. Malori yalipokwisha kabisa, ndugu wa jirani alikuja kumchukua akakae naye upande wa Juja. Alibeba debe kichwani, vitu vingine vyote akamwachia ndugu. Nilimfikisha mpaka barabarani.

"Akija kuulizia huku kwanza," akaniambia, "usisahau."

"Siwezi kusahau, rika."

Nilirudi nikapita nyuma ya chumba. Bustani yote ilikuwa yangu sasa, kutoka mwisho wangu mpaka mwisho wake, na ule mstari wa kabichi ukiwemo. Nikakaa chini katikati yake, nikalia mpaka mume wangu alipotoka kazini akanikuta.